Kadi, Kanga na Picha ya Ukutani: Habari za Wapenzi wa Mpira wa Dar es Salaam

Tumeombwa tuseme machache juu ya historia, nasi tumechagua jambo ambalo yamkini wengine wataona halistahili jina hilo. Hatutasema habari za wafalme, wala za vita, wala za wasafiri waliovuka nchi yetu wakitafuta chanzo cha mto. Twataka kueleza habari za watu ambao hawakupiga mpira hata mara moja mbele ya umati, lakini pasipo wao mpira wa Dar es Salaam ungalikuwa mchezo wa jioni tu, wa kusahauliwa mara jua lichwapo. Hao ndio wapenzi wa timu. Na katika mji ule kumtaja mpenzi wa timu ni kutaja, mara nyingi, moja ya mawili: Yanga au Simba.

Sisi tu walimu wa chuo cha kufundishia walimu. Kazi yetu ni kuwaonyesha vijana jinsi ya kufundisha habari za kale, na kwa desturi yetu tangu miaka kadhaa huwaagiza kabla ya likizo kwamba kila mmoja arudi na kitu kimoja kutoka kwao, kitu kilichomzidi yeye umri, pamoja na maelezo yake kutoka kinywani mwa mzee. Mwaka wa kwanza tulitazamia vinu, vibuyu, sarafu za Wadachi na mikeka ya arusi. Vilikuja, lakini vichache. Katika wanafunzi 41, wanafunzi 18 walileta vitu vya mpira. Palikuwa na kadi za uanachama zilizofubaa, nyingine zimeshonwa kwa uzi. Palikuwa na vipande vya tiketi. Kanga moja nyekundu na nyeupe iliyokatwa katikati. Redio ya betri isiyosema tena. Picha mbili za timu zimepigwa mstari mstari. Na kijana mmoja wa Temeke, kwa uso mkavu kabisa, alitoa mfukoni kandambili moja ya mpira, ya mguu wa kushoto.

Twakiri tulikasirika. Tulidhani tumefanyiwa mzaha, na ile kandambili tuliamuru itolewe mezani. Baadaye tuliiomba irudishwe, na sababu yake tutaieleza mahali pake.

Kwanza yafaa tuseme mpira wenyewe ulivyotufikia. Ulikuja pwani yetu kwa njia mbili, njia ya shule za misheni na njia ya makarani na mabaharia. Huko Unguja vijana wa chuo cha Kiungani, chuo cha misheni ya UMCA, walikuwa wakiucheza kabla karne ya 19 haijaisha. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twaijua habari hii kwa furaha na haya pamoja, maana walimu wetu walitufundisha mpira ili tujifunze utii, nasi tukajifunza kubishana na mwamuzi. Kutoka mashuleni mchezo ukaingia mitaani, na mitaani ndiko ulikopata watu wake.

Dar es Salaam ya baada ya Vita Kuu ya kwanza ilikuwa mji wa wageni. Watu walitoka Rufiji, Uzaramo, Unyamwezi, Umanyema, Unyasa, na kila pembe, wakakaa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita vile. Mtu aliyefika mjini hana ukoo wala shamba alihitaji watu wa kumzika akifa na wa kumchezea ngoma akioa. Kwa hiyo vilizaliwa vyama. Vyama vya ngoma ya beni vilikuwa mashuhuri kupita vyote: Marini upande mmoja, Arinoti upande wa pili. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, mavazi yake, michango yake na karamu zake, na furaha kubwa ya kila upande ilikuwa kuushinda mwingine kwa fahari hata ikiwa ni lazima watu wake wafilisike. Baada ya beni mji ukapata vyama viwili vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, navyo kadhalika vikatazamana kama majogoo. Ndipo mtu asomaye habari za Yanga na Simba anapoona kwamba wapenzi wa mpira hawakuanzisha jambo geni. Nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa na vyumba vyake viwili. Mpira ulihamia tu.

Basi huko Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, vijana walikuwa wakikutana jioni na kucheza kwa majina mbalimbali, na jina moja linalokumbukwa ni New Youngs. Mwaka 1935 ndio mwaka ambao chama huuhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake, kwa jina la Young Africans. Watu wa Kariakoo hawakusumbuka na jina refu. Walilifupisha na kulilainisha, likawa Yanga. Jina lile lilikuwa na uzito wake. Kujiita Waafrika, wala si Wazaramo au Wamanyema au Wanyamwezi, katika mwaka ule chini ya utawala wa Mwingereza, halikuwa jambo dogo. Wazee wa Yanga hupenda kusimulia kwamba chama chao na harakati za uhuru vilikwenda bega kwa bega, na kwamba watu wale wale waliochangia jezi walichangia TANU ilipoanzishwa mwaka 1954.

Mwaka uliofuata, 1936, baadhi ya watu walijitenga wakafanya timu yao. Walijiita Queens, kisha Eagles, na hatimaye Sunderland. Jina hili la mwisho huwashangaza vijana wetu darasani. Mwanafunzi mmoja aliyeleta kadi ya babu yake yenye jina Sunderland alidhani babu alikuwa na ujamaa na Wazungu. Tulimweleza kwamba Sunderland ya Uingereza katika miaka ile ilikuwa timu ya kusifiwa sana: mwaka 1936 ilikuwa bingwa wa ligi ya Uingereza, na mwaka 1937 ilitwaa Kombe la FA, na rangi zake ni nyekundu na nyeupe, kama hizi za Simba hata leo. Timu yetu ililichukua jina la kigeni kama vile kijana achukuavyo kofia nzuri ya mgeni, akaivaa kwa namna yake. Mwaka 1971 kofia ile ilivuliwa. Wakati huo nchi ilikuwa ikiacha majina ya kigeni, na masimulizi humtaja Abeid Amani Karume kuwa ndiye aliyewashauri watafute jina la kwao. Wakajiita Simba.

Kadi ile ya Sunderland tuliitazama sana. Ilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, na ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo vya kugongewa muhuri kila mwezi ada ilipolipwa. Visanduku vya miezi saba vilikuwa na muhuri, kisha vitatu vitupu, kisha muhuri tena. Tuliwauliza wanafunzi, vitupu vile vyasema nini? Mmoja akajibu kwamba mzee alikuwa ameikasirikia timu. Mwingine akasema hapana, alikuwa hana kazi. Yule kijana mwenye kadi aliandika barua nyumbani kuuliza, na jibu likaja kutoka kwa bibi yake: miezi ile mitatu babu alikuwa mgonjwa wa kifua hospitalini, na wanachama wenzake walikuja kumtazama kila Ijumaa, wakaleta machungwa, lakini mweka hazina hakumsamehe ada, ila alimwambia atalipa akipona. Alipopona alilipa ya mbele, ya nyuma hakulipa. Hayo ndiyo tuyaitayo historia, wasikilizaji, nayo yalikuwa ndani ya visanduku vitatu visivyo na wino.

Hapa ni lazima tutofautishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mpenzi, au shabiki kama isemwavyo siku hizi, ni kila mtu ambaye moyo wake umeelekea timu fulani; hao ni mamilioni, toka Bukoba hata Mtwara, na wengi hawajaiona timu ila kwa sauti au kwa picha. Mwanachama ni mwingine. Yeye ana kadi, hulipa ada, huingia mkutanoni, hupiga kura, na zamani ndiye aliyepika chakula cha wachezaji kambini. Katika nchi nyingine wapenzi huwa na chama chao kando na timu. Uingereza, kwa mfano, vyama vya wapenzi viliungana katika shirikisho mwaka 1927, vikawa vikichangisha fedha za kuezeka majukwaa ya timu ambazo havikuwa na sauti ndani yake. Kwetu haikuwa hivyo. Kwetu chama cha wapenzi ndicho timu yenyewe. Wanachama ndio walioimiliki, na wachezaji walikuwa watoto wao.

Na watoto hao walilelewa katika nyumba mbili ambazo mpaka leo zasimama. Yanga wana jengo lao mtaa wa Twiga na Jangwani, na nyuma yake uwanja mdogo waliouita Kaunda, kwa heshima ya rais wa kwanza wa Zambia. Simba wana lao mtaa wa Msimbazi. Masimulizi ya pande zote mbili hutaja msaada wa Karume, lakini hutaja vile vile michango ya watu wadogo: mchukuzi wa bandarini, muuza samaki wa Feri, mama ntilie, karani wa reli. Bonde la Msimbazi halijui heshima ya jengo lolote, na mvua za masika zikizidi maji huingia Jangwani yakaufanya uwanja wa Kaunda kuwa ziwa. Ni mara ngapi karatasi za chama zimelowa humo hatuthubutu kukisia. Lakini mtu aulizaye kwa nini kumbukumbu za mpira wetu hupatikana zaidi vifuani mwa watu na masandukuni mwao kuliko makabatini, na aende akasimame pale mwezi wa Aprili.

Sasa tuseme habari za mechi, maana bila mechi hakuna kumbukumbu. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ndio mabingwa wa kwanza. Wakarudia mwaka 1966. Cosmopolitan waliponyakua mwaka 1967, Yanga wakaja wakashika ubingwa miaka mitano mfululizo, toka 1968 hata 1972. Mwaka ule wa 1968 Yanga waliwafunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Wana Simba walingoja miaka tisa wakalipa kwa riba: mwezi wa Julai mwaka 1977 waliwafunga Yanga 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Mwaka 1974 walikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, na Yanga wakashinda 2 kwa 1 baada ya muda kuongezwa. Mwanafunzi mmoja alileta kipande cha tiketi ambacho baba wa baba yake alisema ni cha Nyamagana. Hakina tarehe wala jina la uwanja. Ni kipande tu cha karatasi ya rangi ya udongo. Hatukibishii. Mzee amekitunza kwa miaka mingi ndani ya Kurani yake, na kwa mahali kilipolala tu kimekuwa cha Nyamagana, hata kama kilianza maisha yake kuwa tiketi ya basi.

Nje ya nchi nako walitafuta heshima. Mwaka 1969 Yanga walifika robo fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, wakatoka sare mara mbili na Asante Kotoko wa Ghana, 1 kwa 1 na 1 kwa 1, kisha wakatolewa kwa bahati nasibu tu. Simba mwaka 1974 walifika nusu fainali wakatolewa na Mehalla wa Misri kwa mikwaju ya penalti. Lakini habari inayosimuliwa kuliko zote ni ya mwaka 1979. Simba walifungwa na Mufulira Wanderers wa Zambia mabao 4 kwa 0, tena nyumbani, Dar es Salaam. Watu walitoka uwanjani kama watokavyo makaburini. Majuma machache baadaye timu ilikwenda Zambia, na wapenzi wengi hawakutaka hata kusikia.

Ile redio ya betri iliyoletwa darasani ilikuwa na habari yake kuhusu siku hiyo. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya uhuru Redio Tanzania ndiyo iliyoupeleka mpira vijijini. Kijiji kilichokuwa na redio tatu kilikuwa na viwanja vitatu. Bibi wa mwanafunzi wetu alisimulia kwamba mumewe, mtu wa Simba, aliiweka redio ile chini ya kitanda na kuifunika kwa gunia, akaenda shambani ili asiteseke. Jirani, mtu wa Yanga, alikuja mbio kumwambia kwamba Simba wamefunga moja. Alimfukuza akidhani ni dhihaka. Jirani akarudi: mawili. Akafukuzwa tena. Alipokuja mara ya tatu akila yamini, mzee alitupa jembe. Simba walishinda 5 kwa 0 ugenini, wakapita kwa jumla ya mabao 5 kwa 4. Mzee alisikia dakika za mwisho tu, akiwa amelala kifudifudi, sikio lake kwenye gunia, na yule mtu wa Yanga kando yake akishangilia timu isiyo yake. Kwa nini alishangilia, bibi aliulizwa. Alijibu: “Siku ile alikuwa Mtanzania. Kesho yake akarudia uchawi wake.”

Tumeahidi kueleza ile kandambili. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro mkubwa uliingia Yanga. Watu waligawanyika makundi mawili juu ya uongozi na wachezaji, na mji, ambao haukosi jina la kumpa mtu, uliyaita makundi hayo kwa viatu. Kundi moja liliitwa Kandambili, kwa kandambili za mpira zivaliwazo na watu wa kawaida. Jingine liliitwa Raizoni, kwa viatu vyenye soli nene na visigino virefu vilivyokuwa fahari ya vijana wa miaka ile. Raizoni walitoka, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Kandambili walibaki na jengo na jina. Wakati huo huo Simba nao walipasuka, wakatoka watu wakaanzisha Nyota Nyekundu. Watu wa nyumba moja walikataana. Kijana wetu wa Temeke alisimulia kwamba babu yake alikuwa Kandambili na nduguye mdogo Raizoni. Kwamba siku ya ugomvi nduguye alichukua kandambili ya kulia akaitupa juu ya paa la nyumba ya jirani, akasema nenda mkutanoni kwako na mguu mmoja. Na kwamba babu alikwenda kweli, na mguu mmoja u mtupu. Ndugu wale hawakusemezana miaka minne. Ya kushoto ikahifadhiwa. Twasikitika kwamba tulitaka kuitupa nje ya darasa.

Juu ya kanga tungependa kusema kwa kirefu zaidi, maana wanawake hutajwa kidogo katika habari hizi, na ni dhuluma. Vitabu vikitaja wapenzi wa mpira hutaja wanaume wenye kofia na tarumbeta. Lakini kanga ile iliyokatwa katikati ilikuwa ya mama aliyekuwa akipika katika kambi ya Simba. Kila kanga ni doti, vipande viwili; kimoja mama hujifunga, cha pili hujitanda. Mama huyu alikata kipande kimoja akampa bintiye siku alipoolewa na mtu wa Yanga, akamwambia asikivae mbele ya mumewe ila siku timu ya mumewe inapofungwa. Binti alikitii kiapo hicho. Mume naye alinunua kanga ya kijani na njano akaitundika mlangoni. Watoto walikua kati ya nguo hizo mbili, na mmoja wao ndiye mwanafunzi wetu, ambaye alipoulizwa yeye ni wa upande gani alicheka, akakataa kujibu mbele ya darasa.

Mambo ya siku hizi ni mengine. Uwanja mkubwa wa taifa uliofunguliwa mwaka 2007, ambao tangu mwaka 2020 waitwa Benjamin Mkapa, huchukua watu 60,000 hivi. Simba wana siku yao ya mwezi wa Agosti tangu mwaka 2009, na Yanga wakafuatisha Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Siku hizo jezi mpya huonyeshwa, na kijana asiye na jezi ya mwaka huo huona haya kutoka nje. Heshima ya Afrika imekaribiwa tena, maana Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Wote wawili wakakosa kombe. Hatusemi kwamba wapenzi wa leo wana mapenzi haba. Aliyewaona jioni ile ya Novemba mwaka 2023, Yanga walipowafunga Simba 5 kwa 1, hawezi kusema hivyo. Lakini twaona jambo moja: jezi ya mwaka huu hununuliwa ili itupwe mwaka ujao, na kadi ya zamani ilitolewa ili mtu afe nayo.

Tena kuna shauri lililo zito kuliko jezi. Wanachama wa Simba walikubali chama chao kigeuzwe kuwa kampuni, mwekezaji achukue sehemu 49 katika 100, nao wabaki na 51. Yanga nao mwaka 2021 walipitisha mabadiliko ya katiba kuielekea njia hiyo hiyo. Wako wasemao ni neema, maana timu haiwezi kushindana na Waarabu wa kaskazini kwa michango ya machungwa. Nao wana haki, twawaunga mkono. Wala vyama vya zamani havikuwa pepo. Fedha zilipotea, mikutano ilivunjika kwa viti kurushwa. Lakini huulizwa, zile 51 ni za nani hasa? Za mwenye kadi mpya aliyeandikishwa kwa simu, au pia za yule mama wa kambini ambaye hakuwahi kupewa kadi kwa kuwa hakuna aliyedhani mpishi ahitaji kadi? Katika mashauri ya namna hii kadi iliyofubaa huacha kuwa pambo, ikawa ushahidi. Tumemwona mzee akiingia mkutano wa tawi na kadi mbili, moja ya plastiki na moja ya karatasi iliyoshonwa. Ya plastiki alimwonyesha bawabu, na ya karatasi aliishika mkononi alipoomba nafasi ya kusema.

Imebaki habari moja, nayo si ya kujisifu.

Tulipokwisha kuona vitu vya wanafunzi tulifanya onyesho dogo chuoni, na tulitaka picha kubwa ya timu ya zamani. Tulielekezwa kwa mzee mmoja wa Magomeni. Tulipomwamkia alitukaribisha ndani, akatuonyesha ukutani picha ndani ya fremu ya mbao: wachezaji kumi na mmoja, safu mbili, na kando yao mtu wa kumi na mbili amevaa kanzu na kofia, mkononi ameshika daftari. Wachezaji walikuwa wanatazama kamera. Yule wa kanzu alikuwa anatazama wachezaji. Tuliiomba kwa majuma mawili. Mzee alisita, kisha akasema, “Haya, Mwalimu, chukua. Lakini huyu ukutani hajawahi kulala nje ya nyumba hii.” Tulitia sahihi karatasi, tukaifunga picha kwa shuka.

Ilikuwa mwezi wa Machi. Darasa tulilolitumia lilikuwa na bati lililotoboka, nasi tulilijua hilo, tukadhani picha iko mbali nalo. Usiku wa siku ya tisa mvua ilinyesha, maji yakafuata boriti, yakashuka ukutani polepole hata yakaingia ndani ya fremu kwa upande wa kushoto. Asubuhi nyuso nne zilikuwa zimekwisha kuwa doa la rangi ya chai.

Kuirudisha kulikuwa kugumu. Tulikwenda wawili. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, asituulize lolote, kisha akatukaribisha tena kuketi na akamwita mjukuu wake alete penseli. Akatuambia tuitoe katika fremu, tuigeuze, tuandike nyuma yake. Akaanza na yule wa kanzu, ambaye maji hayakumgusa: alikuwa kaka yake mkubwa, mweka hazina, ambaye hakucheza mpira hata siku moja kwa sababu ya mguu. Kisha akaweka kidole juu ya kila uso wa kulia, kwa zamu, akataja jina, mahali alipotoka na kazi aliyofanya, nasi tukaandika. Saba. Alipofika kwenye doa alifumba macho. Alipata mmoja, beki, kwa kuwa walikuwa wakisali msikiti mmoja. Baada ya kitambo akapata wa pili, kwa kuwa alimwoa binti wa mtaa wa nyuma. Wawili waliobaki hakuwapata. Alimwita mkewe, naye hakuwapata. Tulitaja majina ya zamani tuliyoyajua kutoka vitabuni, naye akatikisa kichwa kwa kila moja.

Tulimwuliza tufanyeje. Alisema tuache mistari miwili mitupu, huenda mtu akapita akakumbuka. Picha imerudi ukutani pake, na kila tupitapo Magomeni huingia kumwamkia. Mara ya mwisho tulimkuta na wazee wengine wawili, mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga, fremu iko mezani imefunguliwa, na mjukuu ameshika penseli.